Viazi vya Kwenda Njombe: Maneno Machache juu ya Kutunga Hadithi

Mara kwa mara wanafunzi hunijia, hasa wale wa kidato cha pili na cha tatu, wakaniuliza: "Mwalimu, hadithi hutungwaje?" Kwa muda mrefu niliwajibu kama nilivyojibiwa mimi nilipokuwa mwanafunzi, ya kwamba hadithi ina mwanzo, kati na mwisho, ina wahusika, ina mandhari na ina mafunzo. Majibu hayo ni ya kweli, lakini hayamsaidii mtu kutunga, kama vile kumwambia mtu kwamba nyumba ina kuta na paa kusivyomsaidia kujenga. Mhariri wa gazeti letu aliponitaka niandike habari hii kwa muhula huu, nilikubali kwa sababu nina deni. Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha vibaya hadithi ya mwanafunzi wangu mmoja, na kosa lile limenifundisha utungaji kuliko vitabu vingi nilivyosoma. Jina lake sitalitaja, wala mwaka, na mambo mengine nimeyageuza ili asijulikane. Yeye na mama yake wameniruhusu kuisimulia.

Zoezi nililotoa lilikuwa la neno moja tu, "Safari". Wengi waliandika safari ya Dar es Salaam, hata wale ambao hawajavuka mto Ruaha. Walipanda ndege, waliona bahari, walinunuliwa saa za dhahabu na wajomba matajiri. Wanne walifariki njiani, kisha wakaamka jasho likiwatoka, kumbe ilikuwa ndoto. (Nawasihi wasomaji wapenzi: acheni ndoto hizo. Zimekwisha kuamsha watu wa kutosha.)

Msichana mmoja kutoka Makambako aliandika kurasa mbili. Hadithi yake ilikuwa hivi. Kila mwezi mtoto mmoja husafiri na mama yake kwa haisi kutoka Makambako kwenda Njombe. Mama huchukua kikapu chenye sado moja ya viazi, akakifunika kwa kitenge. Majirani wakimwuliza aendako, hujibu, "Naenda Njombe kuuza viazi." Wakifika mjini hushuka kabla ya stendi. Mama humwacha mtoto chini ya mkaratusi akilinda kikapu, akaenda zake kwa muda mrefu. Arudipo, humnunulia mtoto maandazi mawili, nao hupanda gari kurudi Makambako na viazi vyao vilevile. Jioni huvipika. Mwezi wa pili huenda tena. Mwishoni mtoto huuliza, "Mama, mbona hatuuzi?" Mama hujibu, "Bei si nzuri, mwanangu." Hadithi ikaisha hapo.

Nilimpa alama 8 katika 20. Chini niliandika kwa wino mwekundu: "Kisa hakina mantiki. Nani apelekaye viazi Njombe?"

Mgeni asiyeijua nchi yetu huenda asiielewe karipio langu. Njombe ndiko viazi vitokako. Malori huyapakia magunia mashambani kwetu, yakashuka nayo kilometa 60 hivi mpaka Makambako, pale njia ya Songea inapokutana na barabara kuu iendayo Dar es Salaam na reli ya TAZARA iliyofunguliwa mwaka 1976. Mtu apelekaye viazi kutoka Makambako kwenda kuuza Njombe ni sawa na apelekaye samaki Mwanza au nazi Tanga. Niliona nimemkamata mtungaji waziwazi, tena nilijipenda kwa werevu wangu. Siku ya kurudisha madaftari niliisoma hadithi ile mbele ya darasa kuwa mfano wa kosa. Jina la mtungaji sikulitaja, na hilo ndilo jambo la pekee la busara nililofanya siku ile.

Darasa likacheka. Kijana mmoja aliyekaa nyuma hakucheka. Alisimama, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, viazi vile havikuwa vya kuuza."

"Vilikuwa vya nini, basi?"

"Vilikuwa vya kufunika dawa."

Darasa lote likanyamaza. Nikaitazama tena karatasi iliyokuwa mkononi mwangu: kitenge, mkaratusi, kushuka kabla ya stendi, kila mwezi. Kila neno lilikuwa mahali pake. Aliyekosa mantiki ni mimi.

Sasa nitaeleza hadithi ile ilifanyaje kazi, maana humo mna sehemu kubwa ya ufundi niulizwao.

Kwanza, mtungaji hakutaja ugonjwa, hospitali wala dawa. Alichagua macho ya mtoto, na mtoto huona kikapu na maandazi, hajui zaidi. Mambo mengine yote msomaji huyajua kwa akili yake mwenyewe, na jambo ambalo mtu amelijua kwa akili yake hawezi kulikana upesi kama lile aliloambiwa na mwingine. Wanafunzi wengi hudhani kwamba mtungaji hodari ni yule asemaye mengi. Lakini huyu alijua habari nyingi akasema chache, naye alichagua vizuri zipi aziseme. Ni kazi ngumu. Ukificha mno, msomaji hupotea njia. Ukifunua mno, hana la kufanya ila kupiga miayo.

Pili, aliweka kitu kimoja kisicholingana na desturi ya nchi, yaani viazi kwenda Njombe. Kitu kisicholingana ni kama mlango ulioachwa wazi usiku: mtu apitaye hana budi kujiuliza nani ametoka. Lakini hapa natoa onyo, kwa sababu tangu siku ile nimeletewa hadithi tele zilizojaa mambo yasiyolingana, na nikiuliza sababu, mtungaji hujibu, "Mwalimu, wewe fikiri tu." La. Sababu sharti iwepo kichwani mwa mtungaji, hata isipoandikwa. Msichana yule aliijua sababu ya viazi, ya kitenge na ya kila kituo.

Marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja aliufahamu ufundi huo vizuri. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58 lililoandaliwa na shirika la vitabu la Afrika Mashariki, ikachapishwa mwaka 1960. Ndani yake Bwana Msa anapeleleza kifo cha tajiri aliyekutwa amekufa mzimuni. Wengine wanaogopa mizimu. Bwana Msa anavuta kiko chake na kutazama vitu vidogo. Msomaji huonyeshwa vitu vilevile, naye hupita bila kuvitambua, kama nilivyovipita viazi.

Sasa nije kwa lile linalofanya habari hii isiwe ya kalamu na karatasi tu. Wazazi wanaosoma gazeti hili wanajua hali ya mkoa wetu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2011-12 ulionyesha kwamba watu wazima 14.8 katika kila 100 wa mkoa wa Njombe walikuwa na virusi vya UKIMWI, wakati mkoa wenyewe ulikuwa ndio kwanza umezaliwa kwa kukatwa kutoka Iringa. Uchunguzi wa mwaka 2022-23 ulipata 12.7 katika kila 100 kwetu, na katika nchi nzima 4.4. Maana yake ni kwamba katika kila darasa kubwa la shule yetu wamo watoto ambao nyumbani kwao kuna dawa zilizofichwa mahali. Dawa hizo, zikinywewa kila siku bila kukosa, humwezesha mtu kuishi miaka mingi, kulima, kujenga na kusomesha watoto. Zikikosekana, virusi hupata nguvu tena. Na mara nyingi mtu hazikosi kwa kuwa hazipo. Huzikosa kwa kuona haya. Ndiyo maana wako watu waachao kliniki iliyo karibu wakapanda gari kwenda ya mbali, wasikojulikana.

Habari hizi tumehubiriwa sana. Mabango yako ukutani, nyimbo zimeimbwa, wageni wamekuja na vipaza sauti. Sizidharau kazi hizo, zimeokoa watu. Lakini nilichokiona darasani siku ile sijakiona chini ya bango lolote. Watoto 40 waliokuwa wakicheka walinyamaza, kwa sababu kwa dakika tano walikuwa wamekaa chini ya mkaratusi wakilinda kikapu, na walipojua kilichokuwamo walikuwa wamekwisha kumpenda yule mama. Bango huanza na neno la ugonjwa, na neno hilo humfanya msikilizaji ajifunge vifungo kama anayetoka kwenye baridi ya Juni. Hadithi ilimletea mama kwanza, na ugonjwa baadaye.

Wanafunzi wa sekondari wanazikumbuka tamthilia mbili zilizosomwa miaka mingi katika somo la Kiswahili, zote za habari hiyohiyo. Moja ni Kilio Chetu, ambayo huonyesha madhara ya wazazi kuwanyamazia vijana wao juu ya mambo ya mwili. Nyingine ni Orodha, ya Steve Reynolds. Humo msichana Furaha amekufa, na ameacha barua ya kusomwa mazikoni. Wanaume kadhaa wa kijiji, tena wenye heshima zao, hawalali kwa kuogopa kwamba barua ile ina orodha ya majina. Barua isomwapo, orodha imo, lakini si ya majina ya watu. Naipenda Orodha kwa ajili ya hofu ile. Mtungaji angeweza kuwatukana wanaume wale kwa kurasa nyingi, lakini aliwaacha wajisumbue wenyewe, na sisi tunaosoma tukajiuliza kama majina yetu yangalikuwamo.

Wako wanaosema kwamba hadithi ni uongo, na kwamba afadhali mtoto asome mambo ya kweli. Mzazi mmoja alinieleza hivyo kwa heshima kabisa, na jibu nililompa ni la marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 akafariki mwaka 1962. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951 wakati wa utawala wa Mwingereza, yuko mtu aitwaye Karama, raia wa nchi iliyo angani. Ameshtakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha watu elimu ya sheria, na Waziri Majivuno anataka auawe. Karama hana wakili wala silaha. Anasimama barazani na kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mema, wakalipwa kifungo. Kwa masimulizi hayo anaokoka, na wafungwa wanafunguliwa. Nchi ya angani haipo katika ramani, lakini msomaji wa Tanganyika wa mwaka 1951 hakuhitaji ramani kufahamu nchi gani humfunga mtu aletaye mema. Kama Shaaban Robert angeliandika jambo hilo waziwazi, sidhani kama kitabu kingelipita.

Nguvu hiyo wakubwa nao huijua, ndiyo sababu huiogopa. Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, kisha baadaye ikaruhusiwa, ikasomwa na hata kutahiniwa. Baba wa Rosa, Zakaria, anampiga bintiye vibaya kwa ajili ya barua moja tu kutoka kwa mvulana, kisha humwachia aende duniani bila kujua lolote. Mimi ni baba pia. Niliisoma nikiwa na binti wa miaka kumi na mmoja, na siku zile nilikuwa mkali kuliko nilivyo sasa.

Basi, mtu aanzeje? Sina kanuni, nina mazoea tu niliyoona yakifaa. Usianze kwa wazo kubwa kama upendo, ufisadi au maendeleo. Anza kwa kitu kinachoshikika, mathalan kikapu, au jembe lililoazimwa lisirudishwe, au chupa ya ulanzi iliyofichwa nyuma ya mlango wa mwenye kuapa kwamba ameacha. Kisha uliza: nani anakitaka, na nani hataki akipate? Ukiwa na watu wawili wanaotaka mambo mawili yasiyoweza kukaa nyumba moja, hadithi imekwisha kuanza, hata kama hawajainua sauti.

Andika nchi uijuayo. Vijana wengi wa Njombe huandika minazi na mawimbi kwa sababu ndivyo walivyovikuta vitabuni. Minazi ni mizuri, lakini ina wenyewe. Sisi tuna ukungu wa asubuhi ambao humfanya mtu asikie salamu ya "Kamwene" kabla hajamwona anayemsalimu. Tuna miwati, misindano, chai, na watoto waliokaa karibu na moto mpaka miguu ikawa na mabaka. Tuna stendi ya Makambako usiku, ambapo basi likisimama wauzaji hukimbia na mabeseni yao ya mahindi na mayai vichwani, na abiria hununua kwa kunyosha mkono dirishani bila kumwona uso aliyemwuzia. Mtu akikaa pale saa mbili tu hakosi hadithi.

Waache watu wako waseme kama wasemavyo. Mama wa Makambako hamwambii mwanawe, "Ewe mwanangu mpenzi, hakika hali yangu ya afya ni ya kuhuzunisha." Humwambia, "Bei si nzuri." Uandikapo mazungumzo, yasome kwa sauti, kisha mpe mwenzako ayasome, kama akicheka mahali ambapo hukukusudia, ujue wapi pa kufuta.

Na kufuta ndiyo kazi yenyewe. Msichana yule alinionyesha baadaye daftari lake la rasimu. Aliandika mara nne. Katika rasimu ya kwanza mama alilia, akaeleza yote, akafa. Katika ya pili hakufa. Katika ya tatu hakulia. Katika ya nne hakueleza. Nilimwuliza nani alimfundisha kufuta hivyo. Alisema hakufundishwa, kila aliposoma sehemu ya kulia aliona haya, kwa maana mama yake halii. Nimekuwa nikifundisha miaka mingi, na sijapata kusikia kanuni bora ya kurekebisha hadithi.

Wako watakaouliza kama kazi hii ina faida ya fedha. Mara chache. Hata hivyo tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo husimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ambayo ilianza na riwaya na ushairi. Na mwaka 2021 mtu aliyezaliwa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah, alipata Tuzo ya Nobeli ya fasihi. Yeye huandika kwa Kiingereza, lakini riwaya yake moja, Paradise, imekwisha kutafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, nasi twaweza kuisoma kwa lugha yetu. Nayataja haya ili mzazi asimkataze mwanawe, si ili mwana auze ng'ombe wa baba yake akanunue kalamu.

Nirudi kwa darasa langu. Jioni ya siku ile, baada ya masomo ya usiku, kijana wa kiti cha nyuma alikuja nyumbani kwangu. Alisalimu, nikamwitikia, kisha akakaa kimya mpaka chai ikapoa. Mwishowe alinieleza kwamba tangu aje bweni alikuwa akimeza vidonge vyake chooni, na kwamba siku ambazo choo kilikuwa na watu aliviacha. Siku hizo zilikuwa nyingi. Hakuwa amemwambia mtu yeyote shuleni. Nilimwuliza kwa nini ananiambia mimi, niliyesoma hadithi ile kwa kuicheka. Alisema hakuwa na nia ya kuniambia mimi. Alitaka kujua nani aliyeitunga.

Jina sikumtajia bila ruhusa. Kesho yake nilimwomba radhi msichana, nikamweleza tu kwamba yuko aliyeifahamu hadithi yake, naye akakubali kujulikana kwake. Sijui walizungumza nini. Mambo ya dawa tuliyapanga na matroni, ambaye alimpa kijana ufunguo wa kabati dogo la chumba chake pamoja na kazi ya kumletea maji kila jioni, hata ikawa hakuna aliyeshangaa kumwona akiingia na kutoka. Alimaliza kidato cha nne. Yu hai, ana afya, ni fundi wa magari.

Ile 8 niliifuta. Nilimpa 17. Wenzangu waliuliza kwa nini si 20. Palikuwa na makosa mawili ya tahajia, na maelezo ya safari ndani ya haisi yalikuwa marefu mno kwa hadithi fupi kama ile. Mwenyewe alikubali.

Siku ya wazazi ya mwaka ule mama mmoja alikuja ofisini, akanisalimu kwa adabu, akaweka kikapu juu ya meza yangu. Kilikuwa kimefunikwa kwa kitenge. "Hivi ni vya Makambako, mwalimu," akasema. Tulivila nyumbani kwangu siku tatu.

Wanaotaka hadithi zao zifikiriwe kwa toleo lijalo wazitie katika sanduku lililo mlangoni mwa maktaba kabla ya wiki ya mitihani. Zisizidi kurasa nne za daftari. Asiyetaka jina lake lichapwe aandike hivyo juu ya karatasi, nasi tutalihifadhi.